Tupime Kuni Kabla ya Kukata Utepe

Askari yeyote aliyepata kushika zamu ya usiku katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, anayajua mambo mawili yanayoonekana kabla jua halijachomoza. La kwanza ni volkano ya Nyiragongo upande wa Goma, ambayo pindi inapochemka hupaka mawingu rangi ya makaa. La pili ni moshi wa kuni, unaopanda kutoka majiko ya nyumba, ya shule na ya kambi, ukatanda juu ya Ziwa Kivu kama shuka. Chini ya shuka hiyo, ndani ya maji hayo hayo, imelala gesi ya methani inayokadiriwa kufika kilomita za ujazo kati ya 55 na 60. Twapika kwa kuni kando ya hazina ya gesi. Jambo hilo tumelizoea mno hata hatulioni tena, na leo twataka kulitazama.

Huenda askari mwenzetu akasema kwamba nishati ni kazi ya wizara na wahandisi, na kwamba kazi yetu sisi ni bunduki na doria. La hasha. Katika misitu ya Virunga, isiyo mbali na mpaka huu tunaoulinda, mkaa umekuwa kwa miaka mingi chanzo cha fedha kwa makundi yenye silaha, likiwamo FDLR, yanayowatoza kodi wachomaji na wasafirishaji. Mwezi Julai 2007 sokwe wa milimani kadhaa walipigwa risasi katika hifadhi hiyo wakaachwa wameoza, na biashara ya mkaa ndiyo iliyonyooshewa kidole. Mji unaonunua mkaa hauulizi kila gunia limelipia risasi ya nani. Mwenye kulinda mpaka asiyejua watu wake wanapikia nini, hajaujua mpaka wake.

Gesi ya Kivu si habari mpya. Mwaka 1963 mtambo mdogo katika rasi ya Rubona, kusini kidogo ya mji, ulianza kuvuta maji ya kina kirefu na kuitenga gesi yake. Kazi yenyewe yaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufungua chupa ya soda: maji ya chini yamebanwa na uzito wa maji ya juu, na yakipandishwa kwa bomba mbano hupungua, gesi ikatoka kwa mapovu. Kisha huoshwa ili hewa ya ukaa ipungue, na methani inayobaki huwaka. Gesi hiyo ilipelekwa kwenye kiwanda cha bia cha Bralirwa, na kwa miongo kadhaa bia ya Gisenyi ilichemshwa kwa moto wa ziwa. Hatuna ugomvi na bia. Askari aliyemaliza zamu anaijua thamani yake. Tunachosema ni kwamba bomba liliishia kiwandani. Maharage ya shule, uji wa wagonjwa na ugali wa askari viliendelea kungoja lori la kuni.

Baadaye serikali yenyewe ilijitosa. Mwaka 2008 mtambo wa majaribio wa KP1, uliojengwa kwa fedha za umma hapa Rubavu, ulianza kutoa umeme, ingawa haukuufikia uwezo uliokusudiwa. Mwishoni mwa mwaka 2015 mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 ulianza kazi huko Karongi, nao ni wa kampuni binafsi. Ukafuata mtambo mwingine mkubwa zaidi, wa Shema Power, uliokusudiwa kutoa megawati 56, katika tarafa ya Nyamyumba wilayani kwetu. Hayo ni maendeleo ya kweli, na ni usalama pia, kwa maana gesi inayopunguzwa kwa utaratibu ziwani ni hatari inayopunguzwa. Tusisahau yaliyotokea Ziwa Nyos nchini Kamerun tarehe 21 Agosti 1986, ambapo hewa ya ukaa ilifumka kutoka chini ya maji usiku ikaua watu wapatao 1,700 na mifugo yao. Hata hivyo umeme huo huingia katika gridi ya taifa na kuwasha taa na viwanda. Jiko la umma, lile lenye masufuria makubwa ya kulisha watu mia tano, haliguswi nao.

Hapa ndipo linapoingia suala la fedha za umma na jinsi zinavyogawanywa mikoani.

Mwaka 1975 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Mikoa, ili mikoa iliyobaki nyuma isaidiwe kwa fedha za wote. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Septemba 1976, marais watatu, Habyarimana wa Rwanda, Mobutu wa Zaire na Micombero wa Burundi, walikutana hapa hapa Gisenyi wakatia saini mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na mji huu ukawa makao yake makuu. (Micombero alipinduliwa wiki sita baadaye, ndivyo zilivyokuwa nyakati.) Jumuiya hiyo ilipewa benki yake ya maendeleo mjini Goma, shirika lake la nishati mjini Bujumbura, na kampuni ya umeme ya nchi tatu, SINELAC, mjini Bukavu. Kwa hiyo wazo la kwamba mikoa ya mpakani ichangiwe nishati kwa mfuko wa pamoja halikuletwa kwetu na mgeni yeyote. Lilizaliwa katika mji huu, karibu wakati ule ule lilipozaliwa Ulaya.

Matunda yake yapo. Mwaka 1989 kituo cha Ruzizi II cha megawati 43.8 kilianza kutoa umeme kwa nchi zote tatu kutoka kwenye mto unaobeba maji ya Kivu kwenda Tanganyika. Jambo moja twapenda askari walikumbuke: mto huo uliendelea kugawa umeme ng'ambo zote hata katika miaka ambayo viongozi wa pande hizi hawakuwa wakisalimiana. Lakini mfuko wetu ulikuwa na tundu. Wenzetu wa Ulaya waliandika michango katika sheria, na fedha ziliingia kila mwaka ipende isipende. Kwetu michango ilichelewa, ankara za umeme wa SINELAC zililimbikizwa na wanunuzi wake, kisha mwaka 1994 ukaja na msiba wake, na jumuiya ikalala hadi ilipoamshwa mwaka 2007. Usingizi huo haujaisha vizuri. Mwezi Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa kundi la M23, na wakazi wa Rubavu waliuawa na makombora na risasi zilizovuka mpaka. Hapa si mahali pa kuiamua kesi hiyo. Tunataja tu kwamba mkataba uliotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025 kati ya Rwanda na Kongo unataja, miongoni mwa mambo ya kushirikiana, umeme wa maji na usimamizi wa pamoja wa mali ya Ziwa Kivu. Maana yake ni kwamba siku moja, Mungu akipenda, fedha za umma zitarudi kumiminwa katika mkoa huu kwa jina la nishati. Swali letu ni zitakuja kufanya nini.

Wapo wanaodhani kwamba Ulaya, kwa utajiri wake, haikukosea. Ilikosea sana, na makosa yake yana faida kwetu. Wabunge wao walipitisha kwamba kuanzia mwaka 2014 hadi 2020 kila mkoa utenge sehemu ya fedha za Mfuko kwa ajili ya kupunguza matumizi ya makaa na mafuta: mikoa tajiri asilimia 20, ya kati asilimia 15, maskini asilimia 12. Hata kabla ya hapo mabilioni yalikwisha kutumika kukarabati majengo ya umma ili yasipoteze joto. Mwaka 2012 wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya walikwenda Cheki, Italia na Lithuania kutazama kazi hiyo. Waliyoyakuta yatamchekesha mhasibu yeyote wa kambi. Majengo yalichaguliwa kwa sababu yalikuwa yamechakaa na yalihitaji rangi na madirisha, na nishati itakayookolewa haikuwa ndiyo kipimo. Kwa wastani, fedha zilizowekwa zingerudi baada ya miaka ipatayo 50, na katika baadhi ya majengo baada ya miaka 150. Dirisha lenyewe halidumu miaka 50! Kila mmoja alikuwa amekata utepe, na kila mmoja alikuwa amepigwa picha.

Estonia, nchi ndogo iliyowahi kuwa chini ya Usovieti na yenye baridi kali, ilijifunza njia nyingine. Kuanzia mwaka 2009 wakazi wa majengo ya ghorofa walikopeshwa kutoka mfuko unaozunguka, yaani fedha zinazorudishwa na mkopaji wa kwanza humpa wa pili. Jengo lilipimwa kwanza, na mkopo ulitolewa kwa sharti kwamba matumizi yapungue kwa asilimia 20 au 30 kulingana na ukubwa wa jengo. Mwaka uliofuata ikaongezwa ruzuku ya hazina: asilimia 15, 25 au 35 ya gharama, kwa kadiri ya kiasi kinachookolewa. Aokoaye zaidi husaidiwa zaidi. Sisi tuliosomea kulenga shabaha twaielewa kanuni hiyo mara moja: alama hutolewa kwa tundu lililo kwenye karatasi, wala si kwa kishindo cha bunduki.

Twaruhusiwa kidogo kusimulia yetu? Tulipokuwa kadeti katika chuo cha maofisa tulipewa zamu ya wiki moja ya kusimamia jiko. Moto ulikuwa wa mafiga, wazi pande zote, na mapipa makubwa yaliyokatwa nusu ndiyo yaliyokuwa masufuria. Maharage yalitiwa makavu saa tatu za usiku yakachemka hadi alfajiri, bila kifuniko. Kuni zilikuwa za mikaratusi mibichi, zikitoa povu mwisho wa gogo, na mwenye akili atambue kwamba gogo linalotoa povu linatumia moto wake kuchemsha maji yake lenyewe kabla halijachemsha ya sufuria. Katika daftari la mapokezi iliandikwa: lori moja, Jumanne, lori moja, Ijumaa. Tulimwuliza sajini wa jiko lori moja ni kilo ngapi. Alicheka hadi akashika mbavu. "Kadeti," akasema, "kuni hazipimwi. Kuni huchomwa."

Miaka ilipita tukapangiwa kambi nyingine, na safari hii jiko lilikuwa chini ya mamlaka yetu. Hatukuwa na fedha, kwa hiyo tulianza na yasiyo na gharama. Maharage yalilowekwa tangu mchana. Masufuria yalipata vifuniko vilivyogongwa na fundi wa karakana kwa mabati ya zamani. Kuni zilipangwa chini ya paa miezi miwili kabla ya kuchomwa. Hatimaye vijana wa uhandisi walijenga majiko ya matofali na udongo yanayolikumbatia sufuria hadi karibu na mdomo, yakiacha njia nyembamba tu ya moshi, ili joto lipande kandokando ya sufuria badala ya kupotea hewani. Baada ya miezi mitatu lori la Ijumaa lilikuwa likija wiki moja na kuruka nyingine. Wapishi waliacha kukohoa asubuhi.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Makadirio ya mwaka mpya yalipofika, fungu la kuni la kambi yetu lilikuwa limepunguzwa kwa kiasi kile kile tulichookoa, na kambi jirani, iliyochoma kama zamani, ilipewa fungu lake kamili pamoja na nyongeza. Hakuna aliyefanya hila. Karani alifuata utaratibu: usichotumia hukihitaji. Ofisa mwenzetu wa kambi ile jirani alitupigia simu kutupa pole, na katika sauti yake tulisikia kicheko. Tangu siku hiyo tumeamini kwamba adui mkubwa wa kuokoa nishati katika taasisi za umma ni mstari mmoja wa bajeti, kuliko ujinga wa mpishi au uchache wa mafundi.

Isidhaniwe kwamba nchi hii haina mifano mizuri. Mwaka 2001 wahandisi wa taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, KIST, walijenga katika gereza la Cyangugu mtambo wa gesi itokanayo na kinyesi cha wafungwa wenyewe, na mitambo kama hiyo ikaenea katika magereza mengine. Kuni zilipungua kwa karibu nusu, uvundo ulipungua, na mwaka 2005 kazi hiyo ilipata tuzo ya Ashden huko London. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa nishati ya Rwanda, na kati yake milioni 20 zilikuwa za majiko safi ya nyumbani, kwa mpango wa kulipia sehemu ya bei kulingana na uwezo wa kaya. Tunaupongeza mpango huo. Lakini jiko la nyumbani hulisha watu watano, na la kambi hulisha mamia. Mwenye kutaka msitu upone haraka aanze pale mti mzima unapoishia kwa mlo mmoja.

Na msitu hauna muda. Mwaka 2004 maji yalipungua katika maziwa ya Bulera na Ruhondo, mtambo wa Ntaruka ukadhoofika, na taifa likakodi majenereta ya dizeli kwa gharama iliyopandisha bei ya umeme zaidi ya mara mbili. Sababu mojawapo ilikuwa kuharibiwa kwa kinamasi cha Rugezi, ambacho ni sifongo ya maziwa hayo. Huku kwetu, sifongo ilikuwa msitu wa Gishwati juu ya mto Sebeya. Katika miaka ya 1980 sehemu yake kubwa iligeuzwa malisho na mashamba ya misonobari kwa mradi uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, yaani fedha za umma, na zenye nia njema. Baada ya 1994 wakimbizi waliorudi walihitaji ardhi, na msitu ukamalizika karibu wote. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha, Sebeya ikafurika, na katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Askari na polisi ndio waliochimbua matope ya Rubavu kwa sepetu. Kwenye mto huo huo vimesimama vituo vya umeme vya Gisenyi na Gihira, ambavyo kila tope linaloshuka mlimani huviziba. Hatusemi kwamba kuni za kambi ndizo zilizoleta mafuriko. Mvua ile ingelifurika hata mahali penye miti. Twasema kwamba kila lori linaloshuka kutoka vilimani huondoka na sehemu ya sifongo.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo na ni la kihasibu. Fedha zijazo za nishati katika mkoa huu, ziwe za hazina yetu, za jumuiya yetu ikifufuka, au za Umoja wa Ulaya na mabenki, zigawanywe kwa sharti la kupima kwanza. Taasisi ya umma isiyojua inachoma kilo ngapi kwa mlo isipewe mtambo mpya hadi ijue. Itakayoonyesha kwamba imeokoa, iachiwe nusu ya ilichookoa, iingie katika mfuko wa mesi, askari waone nyama zaidi kwenye sahani kwa sababu kuni zimepungua. Nusu nyingine ikajenge jiko la shule ya jirani. Na hata sisi tunaotoa msaada kwa raia tujichunguze. Polisi wamekuwa wakizipelekea kaya za vijijini umeme wa jua, na ni kazi ya kujivunia. Basi iwe desturi kurudi mwaka wa tatu, bila kamera, kuona kama betri bado inashika na nani ananunua nyingine. Najua wapo watakaoona kwamba ofisa wa uhusiano anayekataa kamera amekosea fani. Tutajibu kwamba tumepiga picha nyingi za utepe kuliko wao, na twajua zinakoishia.

Kambini kwetu hatukungoja waraka. Mizani ya kupimia magunia, iliyokuwa imelala stoo tangu enzi ya mtangulizi wetu, imetundikwa mlangoni pa banda la kuni. Daftari lina safu tatu: kilo za kuni, idadi ya walaji, na chakula kilichopikwa. Mzee wa jiko letu amepikia askari tangu sisi hatujavaa buti, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwomba takwimu. Juma la kwanza alinuna. Juma la pili alimfukuza kijana aliyetaka kuongeza gogo chini ya sufuria iliyokwisha kuchemka. Sasa kila jioni hutungoja mlangoni na penseli nyuma ya sikio, akauliza, "Afande, ya jana ilikuwa ngapi?"